Ruhusa ya Kusoma kwa Sauti

Nilipoanza kazi Midrand, mwanzoni mwa mwaka 2008, mtu asiyeona aliyesoma katika chuo chochote cha Johannesburg, na aliyehitaji kitabu cha kiada, alikuwa na njia tatu. Angeweza kumpata mtu wa kumsomea ana kwa ana, ukurasa kwa ukurasa, kwa muda wote ambao mtu huyo angekuwa radhi. Angeweza kuiandikia maktaba ya vitabu vya sauti, ambayo nayo ililazimika kumwomba mchapishaji ruhusa kwa kila kitabu na kungoja jibu. Au angeweza kukiacha kitabu. Sheria ya hakimiliki ya Afrika Kusini, iliyotungwa mwaka 1978, ilimruhusu mtu kunakili kiasi cha haki kwa ajili ya kujisomea, na ilikuwa na vifungu vingine kwa ajili ya wahakiki, wanahabari na walimu. Asiyeona hakutajwa popote. Nilimtafuta humo mara tatu, kila mara katika mwaka tofauti, kana kwamba angeweza kuwa ameingia nilipokuwa likizoni.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaobaki katika ofisi ile ya mawakili, na hasa kwa yule aliyerithi meza yangu ya dirishani pamoja na kabati lisilofungika. Vyeo sitavitaja, ofisi inavyo katika majalada yake, na imeviandika kwa usahihi kuliko ningeviandika mimi. Nitasema kuhusu kazi yenyewe, na zaidi kuhusu kosa moja nililolifanya, kwa kuwa ni kosa ambalo mtu asiye wa kazi yetu asingeweza kulifanya.

Nilifika Johannesburg kwa sababu benki aliyoitumikia mke wangu Nairobi ilimhamishia huku. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha Kilatini kwa miaka kumi na tisa katika shule ya seminari, kisha nikawa mtunza maktaba ya sheria. Siku yangu ya kwanza Midrand umeme ulikatika saa tatu asubuhi, kama ulivyokuwa ukikatika kila mahali mwaka ule, nami nikaonyeshwa ofisi kwa mwanga wa simu ya mlinzi. Hivyo basi, kwa juma zima niliamini kwamba chumba cha majalada ya hataza, zile hati za kulinda uvumbuzi, kilikuwa kikubwa mara mbili ya kilivyo.

Ofisi yetu, mnajua, huwatetea wenye haki: wavumbuzi wenye hataza, wafanyabiashara wenye alama za biashara, wachapishaji wenye vitabu. Kazi niliyopewa ilikuwa kusoma yaliyokuwa yakijadiliwa India katika mambo hayo, hukumu, miswada na malumbano ya wanasheria, na kila Ijumaa kuwaandikia mawakili muhtasari. Wateja wetu wengi waliuza dawa na vitabu katika nchi zote mbili, na ilikuwa imani ya ofisi kwamba swali linaloulizwa Delhi mwaka huu litaulizwa Pretoria baada ya miaka michache.

Aliyenipokea na kunifunza alikuwa Wakili Naicker, mama wa Lenasia, kitongoji cha Wahindi wa Johannesburg, mfupi, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, ambazo sikuwahi kumwona akizibadilisha. Tulizungumza Kiingereza; maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili. Nilimpelekea muhtasari wangu wa kwanza nikiwa na fahari kubwa.

"Hukumu yenyewe ina kurasa ngapi?" aliuliza.

"Tisa, Wakili."

"Na muhtasari wako?"

"Kumi na moja."

"Basi nitasoma hukumu," alisema, "niokoe kurasa mbili."

Alinirudishia karatasi zangu pamoja na penseli ya kijani. Desturi yake ilikuwa kuisoma kila sheria kuanzia palipoandikwa "isipokuwa". Mwenye haki, alisema, anaijua haki yake na ana mawakili wa kumkumbusha. Kazi ya msomaji ni kujua haki hiyo inakomea wapi, na inakomea kwa ajili ya nani. Hapo ndipo penseli ya kijani ilipopita. Nimetumia penseli za namna hiyo kwa miaka yangu yote ya ofisini, na sijapata duka la Midrand linalouza moja moja; inabidi ununue pakiti ya rangi kumi na mbili za watoto. Rangi kumi na moja zilizobaki katika kila pakiti mtazikuta katika droo ya chini.

Miaka ya kwanza ilitawaliwa na dawa. Wahindi walikuwa na kifungu kinachosema kwamba dutu inayojulikana, ikipewa umbo jipya, si uvumbuzi, isipokuwa umbo hilo liwe linatibu vizuri zaidi. Watengenezaji wakubwa wa dawa walisema kifungu hicho kitaua utafiti. Vyama vya wagonjwa vikasema bila hicho dawa moja itapewa hataza mpya kila inapokaribia kuisha ya zamani. Tena huko mtu yeyote, hata mgonjwa, aliruhusiwa kupinga ombi la hataza kabla halijakubaliwa. Niliyaandika haya yote katika ofisi ambayo wateja wake walikuwa upande wa kwanza, katika nchi ambayo hataza hutolewa bila mtu kuchunguza kama kilichoombewa ni kipya. Wakili Naicker alinipa sharti moja tu: hoja ya upande usioupenda iandikwe kwanza, na iandikwe kwa namna ambayo wenyewe wakiisoma watasema ndivyo hasa. Nililitii, ingawa kulikuwa na Ijumaa ambazo sikuwa na hakika tena upande usiopendwa ulikuwa upi, wala haukupendwa na nani.

Mwaka 2010 ukaja mswada wa kurekebisha sheria ya hakimiliki ya India. Ulikuwa na mambo mengi, haki za watunzi wa nyimbo na mengineyo, lakini mimi nilikwenda kwenye "isipokuwa". Kwa mara ya kwanza wasioona walitajwa. Rasimu iliruhusu kitabu kigeuzwe bila ruhusa ya mwenyewe, mradi tu kigeuzwe kuwa katika umbo lililobuniwa mahususi kwa ajili yao, yaani nukta nundu, maandishi yale yanayosomwa kwa vidole. Umbo lingine lolote, kama vile sauti au maandishi makubwa, lingehitaji leseni. Vyama vya walemavu vilipinga vikali, navyo vilikuwa na sababu. Katika muhtasari wa juma lile niliandika hivi: "Rasimu inadhani kwamba kila asiyeona anasoma nukta nundu. Dhana hiyo si sahihi." Niliipitishia sentensi hiyo mstari wa kijani. Naomba msiisahau, kwa kuwa mimi niliisahau.

Mabishano yalidumu miaka miwili. Katikati ya mwaka 2012 sheria ya India ilipita, na ilipita ikiwa pana: mtu yeyote aweza kukigeuza kitabu katika umbo lolote linalomwezesha mlemavu kukisoma, bila kutafuta faida. Niliandika muhtasari wa nusu ukurasa. Wakili Naicker alisema ndio bora kati ya yote niliyowahi kuandika, na sikuwa na hakika kama alisifu maudhui au urefu.

Jumapili moja ya baridi mwezi uliofuata, baada ya ibada ya Kiswahili katika kanisa letu la Rosettenville, nilifuatwa langoni na Deo. Deo ni Mrundi, kinyozi, ana kibanda chake pembeni ya robot, kama waitavyo hapa taa za barabarani, kwenye barabara kuu, na huzungumza kana kwamba mashine ya kunyolea bado inanguruma.

"Muzee, wanasema weye unafanya kazi ya vitabu."

"Kazi ya haki za vitabu," nilimsahihisha.

"Bon, ni vilevile. Dada yangu anakitaka kitabu, lakini kitabu hakimtaki."

Dada yake aliitwa Consolate. Nilimfahamu kwa kumpa mkono tu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, haoni, na alikuwa akisomea stashahada ya ualimu wa watoto wadogo. Somo moja, la makuzi ya mtoto, lilifundishwa kwa kitabu kimoja cha Kiingereza chenye kurasa mia nne na kumi na mbili. Mwaka uliotangulia binti mmoja wa kanisani alimsomea hadi katikati, kisha akaolewa Cape Town, na Consolate akaanguka mtihani. Taratibu za chuo zilikuwa wazi: anayeanguka somo hilo mara mbili huondolewa. Mtihani ulikuwa Novemba.

"Usome tu ndani ya simu, muzee," Deo alisema. "Simu inarekodi yenyewe. Miye nitakunyoa bure mpaka ufe."

Nilivua kofia nikamwonyesha kichwa changu, ambacho tayari wakati huo hakikuhitaji huduma yake.

"Eish," alisema kwa huzuni ya kweli. "Basi nitakunyoa ndevu."

Nilikichukua kitabu na kukifungua, kama afanyavyo kila mtu wa kazi yetu, kwenye ukurasa ambao wengine hawausomi. Mchapishaji alikuwa mteja wetu. Ninyi mtanielewa; Deo hakunielewa. Kumsomea Consolate uso kwa uso hakuna sheria iliyokataza. Lakini yeye mchana kutwa alikuwa katika mazoezi ya kufundisha, mimi nilikuwa Midrand, na kitabu cha kufanyiwa mtihani hakisikilizwi mara moja. Tena chuoni walikuwako wengine watatu wasioona, na kila mmoja angetaka kuisikia rekodi hiyo. Kifungu cha kujisomea kingeweza kubeba nakala moja. Kubeba nne kilikuwa jambo la kubishaniwa mahakamani, na wa kubishana angekuwa ofisi yangu.

Jumatatu nilimweleza Wakili Naicker. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mchapishaji ni wetu," alisema. "Huwezi kumshauri binti dhidi ya mteja. Ila sijaona sheria inayokukataza kumshauri mteja awe mtu mwema. Chuo kiombe ruhusa. Wewe kisaidie kujaza fomu, nami nitamwarifu mteja kwamba ni wewe uliyeijaza."

Fomu ile ilikuwa imetungwa ofisini kwetu mwaka 2009, na mtungaji wake nilikuwa mimi. Ilikuwa fomu safi. Sehemu ya saba iliuliza aina ya nakala inayoombwa, na ilikuwa na visanduku vitatu: nakala ya mashine kwa darasa zima, nakala ya mashine kwa mtu mmoja, na nukta nundu kwa ajili ya wasioona. Nilitia alama katika kisanduku cha tatu. Sikusita hata kwa muda wa kuinua kalamu.

Jibu lilikuja kabla majuma matatu hayajatimia, jambo la nadra sana, na lilikuwa ndiyo. Jumamosi asubuhi nilikwenda mtaa wa La Rochelle, kwenye chumba cha uani walichopanga ndugu hao wawili kwa bibi mmoja wa Kireno, nimevaa tai. Deo alikuwa ameketi kwenye kitanda, Consolate akimimina chai kwa kidole kimoja kikiwa kwenye ukingo wa kikombe ili ajue kilipojaa. Nilisimama nikamsomea barua yote, pamoja na anwani.

Consolate alinisikiliza hadi saini, birika likiwa mkononi.

"Baba," alisema, "wewe unajua kusoma nukta nundu?"

"Sijui, binti yangu."

"Basi tuko wawili."

Deo alijitupa kitandani kwa kicheko. "Muzee kamletea kiziwi redio!"

"Nyamaza, Deo." Aliweka birika chini. "Macho yangu yalizimika nikiwa na miaka kumi na tisa, Baba. Presha ya macho. Nilikuwa nimezoea kusoma kama wewe. Vidole hivi vinajua kusuka. Nimejaribu hizo nukta. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, na nikifika chini nimeshasahau juu. Nasoma kwa masikio." Kisha akaongeza, bila ukali wowote, na ndiyo maana ninayakumbuka maneno yake kama alivyoyasema: "Kwa nini hukuniuliza?"

Nilikuwa nimemuuliza kaka yake, nimemuuliza Wakili, nimeisoma sheria ya nchi mbili. Kati ya lango la kanisa na sehemu ya saba ya fomu, yeye peke yake ndiye ambaye sikumuuliza kitu.

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Niliinywa yote.

Jumatatu nilitoa jalada la mwaka 2010 kabatini, nikamwekea Wakili Naicker muhtasari ule mezani, penye mstari wa kijani, pamoja na barua ya ruhusa. Alisoma vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

"Nani aliandika sentensi hii?"

"Mimi, Wakili."

"Ni sentensi nzuri. Mpelekee aliyetunga fomu."

"Fomu pia niliitunga mimi."

Alishusha miwani ya kichwani hadi juu ya ile ya usoni, akanitazama kwa zote mbili. "Basi mnaonana kila siku," alisema. "Zungumzeni."

Kisha akainua simu akampigia mteja. Mwezi Agosti ulikuwa unaisha. Kuomba upya kwa fomu kungechukua majuma mengine, na safari hii hakuna aliyeweza kusema jibu lingekuwa lipi, kwa kuwa wachapishaji waliiogopa sauti kuliko nukta. Nukta hazisambai, rekodi huingia katika simu ya mmoja asubuhi, na jioni iko katika simu za chuo kizima. Hoja hiyo niliijua vizuri, nilikuwa nimeiandika mara nyingi, kwanza, na kwa namna ambayo wenyewe wangesema ndivyo hasa.

Alikuja Bwana Botes, msimamizi wa haki wa mchapishaji, mtu mrefu, mpole, aliyetembea na kikombe chake cha kahawa kutoka nyumbani kwa kutoamini vikombe vya mawakili. Wakili Naicker alisisitiza Consolate awepo, na Deo akafunga kibanda ili amlete. Walipanda taksi mbili, yaani matatu za huku, moja baada ya nyingine. Deo aliketi ukingoni mwa kiti akiitazama mikono yake.

Bwana Botes alieleza hofu yake bila kuificha. Akimruhusu mmoja kurekodi, alisema, wanafunzi wanaoona nao wataacha kununua, watasikiliza tu.

Consolate aliomba kusema. "Bwana, umewahi kumsikia mzee huyu akisoma?"

"Sijapata bahati hiyo."

"Alinisomea barua yako. Alisoma hadi namba ya sanduku la posta. Sasa fikiria kurasa mia nne, na majedwali ya uzito wa watoto mwezi kwa mwezi. Mwenye macho yake nani atasikiliza hayo kwa starehe?"

Bwana Botes alicheka mpaka akalazimika kukishika kikombe kwa mikono miwili. Nilicheka pia, baadaye kidogo kuliko wengine.

Nilimwekea mbele kifungu kipya cha India, nikakisoma polepole: mtu yeyote, umbo lolote, bila faida.

"Hii ni India," alisema.

"Ni India," Wakili Naicker alijibu. "Haitufungi hata kidogo. Lakini bunge lao lilikaa miaka miwili likibishana juu ya hofu hii hii uliyonayo, na mwisho likaona wachapishaji watapona. Miaka michache tena utaulizwa swali hili na bunge la hapa. Ungependa uwe ulijibu nini?"

Bwana Botes alipiga funda la kahawa. Kisha akasema yuko tayari kuandika ruhusa ya nakala moja ya sauti kwa Consolate, kwa jina lake. Nilianza kuliandika.

"Tuko wanne chuoni," Consolate alisema.

"Hao wengine sijawasikia," alisema Bwana Botes, si kwa ubaya.

"Hawakuja kwa sababu hawamjui mzee. Nitarudi niwaambie nini? Kwamba mimi nasali kanisa zuri?"

"Na nikikuambia ni wewe peke yako, au hakuna?"

Deo aligeuza kichwa kumtazama dada yake. Mimi nilijua jibu ambalo mtu angelitunga, jibu la kishujaa, nami nilikuwa naliogopa, kwa kuwa Bwana Botes angeweza kulichukua kama lilivyo na kwenda zake.

"Nitaipokea, Bwana," Consolate alisema. "Mtihani ni Novemba na sina kitabu kingine. Nitaipokea na nitakushukuru. Lakini nikiwa naisikiliza nitawafikiria wao, na wewe pia nitakufikiria."

Bwana Botes alinyoosha mkono akaniomba kalamu. Nilichokuwa nacho ni penseli ya kijani. Alilikata jina la Consolate katika karatasi yangu na juu yake akaandika, kwa herufi za mtu aliyezoea kutia saini tu: mwanafunzi yeyote wa chuo hiki asiyeweza kusoma chapa ya kawaida. Kisha akatia saini, kwa kijani pia, na ofisi ikalazimika kuichapa karatasi upya kwa sababu mashine yetu ya kunakili haikuweza kuiona rangi hiyo.

"Sharp, muzee!" Deo aliniambia kwenye ngazi, akanipiga bega kwa nguvu ambayo ndevu zangu hazikustahili.

Tulirekodi Jumamosi tisa, asubuhi, katika chumba cha kuvalia mavazi ya wachungaji, kati ya majoho na sanduku la vitabu vya nyimbo. Consolate alikaa mbele yangu na kinasa sauti mapajani. Siku ya kwanza nilisoma kama nilivyofundishwa kusoma, kwa ukamilifu, na baada ya dakika kumi akainua mkono.

"Baba, usinisomee mikato."

"Naisoma sentensi kama ilivyo."

"Sentensi naijua. Na hizo 'tazama tanbihi ya kumi na saba', zikusanye mwisho wa sura. Nikiwa katikati ya mtoto anayejifunza kutembea, unanipeleka chini ya ukurasa, na nikirudi mtoto ameanguka."

Nilikusanya tanbihi mwisho wa sura. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote chini ya kurasa, haikuwa rahisi. Jedwali la uzito lilituchukua asubuhi nzima, kwa kuwa jedwali limeundwa kwa ajili ya jicho linaloruka huku na huku, na sikio haliruki. Mwishowe yeye ndiye aliyenionyesha kwamba safu zisomwe wima, umri kwanza, na kila baada ya miezi mitatu nitaje tena jina la safu. Njia hiyo niliiandika kwenye kadi, na kadi iko ndani ya jalada. Katika sura ya sita taksi moja ilipiga honi pale kwenye robot kwa muda mrefu usiosameheka. Nilitaka kuirudia sura. Alikataa, alisema siku ya mtihani honi hiyo itamkumbusha kilichofuata. Katika Jumamosi zile tisa nilifahamu kitabu cha makuzi ya mtoto kuliko nilivyofahamu watoto wangu walipokuwa wadogo, na nikawapigia simu wote wawili kuwaambia hivyo. Mmoja aliuliza kama ninaumwa.

Juma la pili la Desemba simu ya mezani ililia nikiwa nafunga muhtasari wa mwisho wa mwaka.

"Baba, nimepita," Consolate alisema. Nyuma yake nilisikia mashine ya kunyolea, na Deo akimwambia mteja asitikisike.

Januari 2013 niliitunga upya fomu. Sehemu ya saba ina visanduku vinne, cha nne kikiwa cha sauti, na juu ya visanduku nimeweka mstari unaosema: aulizwe mwombaji mwenyewe anasomaje. Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu aliniambia mstari huo si wa kisheria. Nilikubaliana naye, na nikauacha.

Yaliyofuata nitayaeleza kwa ufupi. Mwaka huo huo wa 2013 mahakama ya juu kabisa ya India ilimaliza shauri lililotokana na kile kifungu cha umbo jipya la dawa, na ikakataa hataza. Katikati ya mwaka nchi nyingi zilikutana Moroko zikaandika mkataba unaowaruhusu wasioona kugeuziwa vitabu katika umbo wanaloweza kulisoma. Mwaka 2014 India ikawa nchi ya kwanza kuuridhia mkataba huo. Hiyo ndiyo habari ya mwisho niliyoiandikia muhtasari, nusu ukurasa. Nilipokabidhi ufunguo wa kabati lile lisilofungika, mwishoni mwa mwaka huo, Afrika Kusini ilikuwa bado haijajiunga, na sheria ya 1978 ilikuwa kama nilivyoikuta. Consolate anafundisha darasa la watoto wa miaka minne La Rochelle, mitaa miwili kutoka chumba kile. Wenzake watatu walifanya somo lile kwa rekodi yetu, wakapita wawili, na wa tatu akapita mwaka uliofuata. Rekodi iko katika maktaba ya chuo, na honi ya taksi bado imo katika sura ya sita.